Bunduki Mpya Mkononi: Somo kwa Mlenga Shabaha na kwa Jirani Yake

Katika safu hii ya mafunzo tumezoea kuzungumzia silaha haramu, yaani zile zinazopenyezwa usiku kupitia njia za panya. Leo tunageukia silaha halali: bunduki ya marisau, ambayo wengi wetu huiita shotigani, inayomilikiwa na mtu mwenye cheti na inayotumika katika mchezo wa kulenga visahani vya udongo. Swali letu ni moja. Mtu aliyezoea bunduki yake kwa miaka anapoibadili na kuchukua mpya, afanye nini ili aizoee vyema, bila kujidhuru mwenyewe, bila kumdhuru jirani, na bila kuvunja sheria za upande huu wa mpaka wala za upande wa pili?

Huenda ukajiuliza somo hili lina faida gani kwako wewe usiyemiliki bunduki. Lina faida, kwa sababu mlinzi wa ghala sokoni hubeba bunduki ya aina hiyo hiyo, mkulima mwenye kibali huenda anayo, na wageni hupita katika vituo vyetu vya mpakani wakiwa nayo kwenye mizigo wakielekea mashindanoni. Jirani anayejua mwenye silaha anapaswa kufanya nini ni mlinzi wa kwanza wa usalama wa kijiji.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Mchezo huu ulianzia Uingereza, ambako watu walikuwa wakiwalenga njiwa hai waliofunguliwa kutoka katika mitego. Baadaye njiwa waliachwa, zikatumika tufe za kioo, na mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, akabuni kisahani cha udongo kinachorushwa hewani kwa mtambo. Kisahani cha kimataifa cha leo kina kipenyo cha milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Jina la udongo limebaki, lakini siku hizi hutengenezwa kwa unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na lami, ili kisipasuke kinaporushwa bali kipasuke kinapoguswa na marisau.

Katika Michezo ya Olimpiki zimebaki aina mbili. Ya kwanza ni trapu, iliyoingia mwaka 1900 mjini Paris, ambapo visahani hurushwa kutoka shimoni mbele ya mlengaji vikimkimbia kwa pembe asizozijua. Ya pili ni skiti, iliyoingia mwaka 1968 nchini Meksiko, ambapo visahani hutoka katika nyumba mbili, moja juu na moja chini, vikipita mbele ya mlengaji kutoka kushoto na kulia. Katika skiti ya Olimpiki, mlengaji hungoja akiwa ameshusha kitako cha bunduki usawa wa kiuno, na huruhusiwa kuinyanyua begani pale tu kisahani kinapoonekana. Kwa sababu hiyo, bunduki isiyomkaa mtu vizuri humwaibisha upesi.

Asili ya skiti ina funzo kwa ujirani. Katika miaka ya 1920, huko Massachusetts, Charles Davies na wenzake walikuwa wakicheza kwa kuzunguka duara zima. Jirani yao alipofungua shamba la kuku, marisau hayakuweza tena kuelekezwa upande huo. Badala ya kugombana naye, waligawa duara nusu na kuweka mtambo wa pili upande wa pili ili visahani virushwe kutoka pande mbili. Uwanja wa nusu duara unaotumika duniani hadi leo ulitokana na kumstahi jirani mwenye kuku.

Kisa cha Kimberly Rhode

Kuna mwanamichezo mmoja ambaye maisha yake yanafundisha somo letu kuliko maelezo mengi. Kimberly Rhode wa Marekani alishinda dhahabu ya trapu ya visahani viwili katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 17. Alipata shaba mjini Sydney mwaka 2000 na dhahabu tena mjini Athens mwaka 2004. Baada ya hapo mashindano hayo kwa wanawake yalifutwa katika Olimpiki, naye akalazimika kuhamia skiti. Mjini Beijing mwaka 2008 akapata fedha.

Mwezi Septemba mwaka huo huo, bunduki yake aina ya Perazzi, aliyoitumia kwa miaka mingi na kushinda nayo medali hizo, iliibiwa kutoka ndani ya gari lake huko California. Wapenzi wa mchezo walimsaidia kupata bunduki nyingine, naye akaanza upya kazi ya kuizoea. Mapema mwaka 2009 polisi waliikuta ile ya zamani katika upekuzi wa nyumba, ikarudishwa kwa mwenyewe. Hata hivyo hakuirudia mashindanoni. Aliendelea na ile mpya, na mjini London mwaka 2012 akashinda dhahabu ya skiti kwa kuvunja visahani 99 kati ya 100. Mwaka 2016 mjini Rio alipata shaba, na hivyo akawa amepata medali katika Olimpiki sita mfululizo.

Katika kisa hiki tunajifunza mambo matatu, nasi tutayarejea. Kwanza, gari si mahali pa kuhifadhi silaha, hata kama mwenyewe ni bingwa wa dunia. Pili, kuizoea bunduki mpya kunawezekana, lakini ni kazi ya miezi na miaka, wala si ya wiki moja. Tatu, aliyekwisha kuanza kuzoea mpya asirudi nyuma kila anapokosa shabaha.

Hatua ya kwanza: nyaraka kabla ya risasi

Kuizoea bunduki mpya huanzia ofisini, si uwanjani. Nchini Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inakataza mtu kununua au kumiliki silaha bila cheti. Nchi jirani nazo zina sheria zao zenye sharti kama hilo. Cheti cha bunduki ya zamani hakiigeuzi bunduki mpya kuwa halali. Mwenye silaha ahakikishe kwamba namba iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki mpya inafanana, tarakimu kwa tarakimu, na namba iliyoandikwa kwenye cheti. Kosa la tarakimu moja laweza kumletea matatizo makubwa katika kizuizi cha barabarani, na silaha ikiibiwa, litawafanya polisi watafute bunduki isiyokuwepo.

Bunduki ya zamani nayo ina hatua zake. Haikopeshwi kwa shemeji, haiachwi kwa mlinzi wa shamba, wala haiuzwi kwa rafiki wa ng'ambo ya mpaka kwa makubaliano ya mdomo. Inahamishwa kwa mtu mwingine kwa idhini ya mamlaka inayotoa vyeti, au inakabidhiwa kwa mamlaka hiyo. Katika maeneo yetu, bunduki iliyotolewa kwa wema leo yaweza kuonekana kesho mikononi mwa wezi wa ng'ombe, na jina litakalopatikana katika daftari la serikali ni la yule aliyeitoa.

Hatua ya pili: kuijua bunduki na chakula chake

Ukubwa wa tundu la bunduki ya marisau hutajwa kwa geji. Geji 12 maana yake ni kwamba gololi 12 za madini ya risasi, kila moja ikienea tundu la mtutu, zina uzito wa ratili moja. Kwa hiyo geji 20 ni tundu dogo kuliko geji 12, kinyume na vile mtu angedhani kwa kuangalia tarakimu.

Jambo hili limewajeruhi watu wengi. Risasi ya geji 20 ikitiwa kimakosa katika bunduki ya geji 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu mbele ya chemba. Mlengaji akisikia kimya, hudhani hakutia kitu, akatia risasi ya geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka, na mkono unaoushikilia uko papo hapo. Ndiyo sababu watengenezaji wamezoea kuipa risasi ya geji 20 rangi ya manjano. Kanuni ni fupi: geji mbili zisikae katika mfuko mmoja, wala katika kabati moja bila kutenganishwa.

Aidha, urefu wa chemba huandikwa ubavuni mwa mtutu. Bunduki nyingi za kisasa zina chemba ya milimita 70 au 76, lakini zipo za kale zenye milimita 65. Risasi ndefu kuliko chemba haifai hata kama inaingia, maana mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka na nguvu ya baruti huongezeka kupita kiasi. Mwenye bunduki mpya asome maandishi hayo mwenyewe, asitegemee neno la muuzaji.

Pia ajifunze jinsi bunduki hiyo inavyofunguka, inavyofungika na inavyotoa maganda. Aliyezoea bunduki ya mitutu miwili inayokunjika katikati huona kwa jicho moja kwamba chemba ni tupu. Akihamia bunduki inayojipakia yenyewe, risasi yaweza kubaki ndani bila yeye kuiona, na hatari ikawa pale pale alipozoea kuona salama. Kufuli ya usalama nayo hutofautiana mahali na mwelekeo kutoka bunduki moja hadi nyingine. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na hapa taabu yenyewe ni kidole kinachotafuta kufuli mahali isipokuwepo.

Hatua ya tatu: kuilinganisha na mwili

Anayepiga kwa raifo hulenga kwa kulinganisha alama mbili. Anayepiga kwa bunduki ya marisau hutazama kisahani, na jicho lake ndilo alama ya nyuma. Kitako kisipomkaa, jicho huwa mahali pengine, na marisau huenda pengine. Basi bunduki mpya hupimwa kama nguo kwa fundi cherehani.

Kwanza, ajue jicho lake lenye nguvu. Anyooshe kidole kuelekea kitu cha mbali, kama nguzo, macho yote mawili yakiwa wazi. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi kidole hakihami, ndilo lenye nguvu. Likiwa upande mmoja na bega analowekea bunduki, ni heri. Likiwa upande wa pili, atafute mwalimu kabla ya kununua chochote.

Pili, urefu wa kitako, yaani umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Kwa mwanamume wa kimo cha kawaida, bunduki nyingi za kiwandani zina sentimita 36 hadi 37. Kitako kirefu mno hunasa kwapani kinaponyanyuliwa. Kitako kifupi mno hufanya kidole gumba cha mkono wa kifyatulio kigonge pua. Wanawake na vijana wengi huhitaji kitako kifupi zaidi, na kuwapa bunduki ya mtu mrefu kisha kuwalaumu kwa kukosa shabaha ni kuwaonea.

Tatu, mgongo wa kitako, pale shavu linapolala. Ukiwa juu mno, jicho huinuka na marisau hupita juu ya kisahani. Ukiwa chini mno, marisau huenda chini, au mlengaji huona chuma cha nyuma badala ya mtutu. Jaribio lake ni rahisi. Bunduki ikiwa tupu na imehakikiwa kuwa tupu, ailenge mahali salama, afumbe macho, ainyanyue hadi shavuni na begani, kisha afumbue. Akijikuta anatazama moja kwa moja juu ya ukanda wa mtutu, na ushanga wa mbele umekaa katikati, bunduki inamfaa. Akilazimika kusogeza kichwa ili kuupata ushanga, bunduki ndiyo inayopaswa kurekebishwa, kwa kuwa uwanjani hatapata muda wa kusogeza kichwa.

Nne, uzito. Bunduki ya michezo huwa na kilo tatu na nusu hadi nne, na mtutu mrefu. Uzito huo huufanya mwendo wake uwe laini na hupunguza teke la bunduki begani. Aliyetoka kwenye bunduki nyepesi ya shambani ataiona nzito kuianzisha na ngumu kuisimamisha. Asikimbilie kuilaumu, mikono yake haijaizoea bado.

Hatua ya nne: kuuliza karatasi kabla ya kuuliza kisahani

Kisahani kilichokoswa hakimwambii mlengaji kwa nini amekikosa. Karatasi humwambia. Katika uwanja ulioruhusiwa, na chini ya msimamizi, atundike karatasi kubwa yenye alama katikati, asimame umbali wa mita 15, anyanyue bunduki na kufyatua bila kusitasita. Arudie mara kadhaa, kila mara kwa karatasi mpya au kwa kuzijumlisha juu ya moja, hadi aone kitovu cha marisau kiko wapi.

Kwa umbali huo, kila sentimita mbili na nusu za kukosea kwenye karatasi hulingana na takriban milimita moja na nusu za kurekebisha mgongo wa kitako. Yaani marisau yakitua sentimita tano chini ya alama, mgongo uinuliwe milimita tatu hivi. Huu ni urekebishaji mdogo sana, ambao mara nyingi hufanywa kwa kipande cha mpira au kwa skrubu za bunduki yenyewe. Anayekata kitako kwa msumeno kabla ya kupima huharibu mali.

Baada ya hapo apime mtawanyiko. Bunduki nyingi mpya huja na vibano vya kuchomeka mdomoni mwa mtutu. Kibano kilichobana zaidi huyaweka marisau pamoja hadi mbali, na kilicholegea huyatawanya mapema. Kipimo cha kawaida hufanyika kwa umbali wa mita 37, katika duara la sentimita 76. Mtutu usiobanwa hutarajiwa kuweka asilimia 40 hivi ya marisau ndani ya duara, na uliobanwa kabisa asilimia 70 hivi. Katika skiti, visahani huvunjwa karibu, basi kibano kilicholegea hufaa. Katika trapu vinakimbia mbali, basi kilichobana hufaa. Bunduki mbili zenye kibano cha jina moja zaweza kutawanya tofauti, kwa hiyo majibu ya bunduki ya zamani yasihamishiwe kwa mpya.

Hatua ya tano: kujenga mazoea mapya

Mwili hukumbuka. Aliyenyanyua bunduki moja mara elfu nyingi hainyanyui tena kwa kufikiri, na bunduki mpya inapokuja na tofauti ya milimita chache, kumbukumbu ile ile iliyomsaidia humkosesha. Dawa yake ni kurudia polepole. Dakika kumi kila siku za kunyanyua bunduki tupu hadi shavuni, shavu likitangulia na bega likifuata, zina faida kuliko risasi mia moja za Jumamosi. Zoezi hili lifanyike ndani, bila risasi yoyote katika chumba hicho, mtutu ukielekea ukuta imara, na bila watoto wala wageni kuwepo. Halifanywi uani, kwani mpita njia anayeona mtu akinyanyua bunduki hajui kama ni tupu, naye ana haki ya kuwaita polisi.

Uwanjani aanze na visahani vyepesi, vile vinavyokwenda moja kwa moja mbele yake, kabla ya vile vinavyokata pembeni. Kisahani kinachopita kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, umbali wa mita 20, husogea zaidi ya mita moja tangu marisau yanapotoka mtutuni hadi yanapofika. Hivyo ni lazima bunduki iwe mbele ya kisahani na iendelee kusogea hata baada ya kufyatua. Mlengaji mwenye bunduki mpya hushawishika kuutazama ushanga ili ahakikishe. Akiutazama, mtutu husimama na marisau hupita nyuma. Macho yabaki kwenye kisahani.

Abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Akibadili kibano, kitako na aina ya risasi siku moja, hatajua kilichomsaidia wala kilichomharibia. Daftari dogo lenye tarehe, idadi ya risasi, visahani vilivyovunjika na upande vilikopita vilivyokoswa litampa picha ya kweli baada ya mwezi. Matokeo yakishuka mwanzoni asishangae, na asiirudie bunduki ya zamani katikati ya safari. Kubadilishana bunduki mbili kila wiki huuchanganya mwili usizoee yoyote.

Teke nalo lisipuuzwe. Kitako kisipokaa sawasawa begani, maumivu humfundisha mlengaji kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa hofu kabla ya bunduki kulia. Tabia hiyo ikiingia ni vigumu kuitoa. Apunguze idadi ya risasi kwa siku na atumie risasi nyepesi. Hata Olimpiki inaruhusu gramu 24 tu za marisau kwa risasi moja. Kinga ya masikio na miwani ni lazima tangu risasi ya kwanza. Mlio wa bunduki hii huzidi desibeli 140, kiwango ambacho chaweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja, na usikivu uliopotea haurudi.

Usalama uwanjani

Kanuni hizi hazibadiliki kwa ubingwa wala kwa umri. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi hadi ihakikiwe. Mtutu usielekezwe kwa mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi kisahani kionekane. Bunduki ibebwe ikiwa imekunjwa wazi, au chemba ikiwa wazi, na risasi itiwe tu pale mlengaji anaposimama kwenye kituo chake. Risasi isipolia, mtutu ubaki umeelekezwa mbele kwa nusu dakika kabla ya kufunguliwa, maana baruti yaweza kuchelewa kuwaka. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, asifyatue tena hadi aangalie kama kuna kitu kimeziba mtutu.

Marisau madogo ya mchezo huu yaweza kusafiri takriban mita 200 kabla ya kuanguka. Kwa sababu hiyo huachwa eneo la tahadhari la mita 275 hivi mbele ya walengaji, pasipo njia, shamba lenye watu, kisima wala malisho. Katika vijiji vyetu, ambako kijia cha wachota maji hubadilika kila msimu, eneo lililokuwa tupu mwaka jana laweza kuwa na watu mwaka huu. Mwenye uwanja alitembee kwa miguu kabla ya kila kikao, na siku za mazoezi zijulikane kwa mwenyekiti wa LC1 pamoja na kituo cha polisi, na kwa wenzetu wa ng'ambo, kwa chifu au mwenyekiti wa kijiji. Watu waliowahi kukimbia makwao kwa sababu ya milio ya bunduki hawapaswi kuamshwa nayo Jumapili asubuhi bila taarifa.

Nyumbani, safarini na mpakani

Nyumbani, bunduki ikae tupu ndani ya sanduku au kabati la chuma lililofungwa na kufungiwa ukutani, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli yake. Ufunguo usiwe mahali anapopajua kila mtu wa nyumbani. Bunduki mpya huvuta macho. Mwenyewe hupenda kuionyesha kwa marafiki, na habari husafiri hadi kwa asiyetakiwa. Ni vyema kutopiga picha zake na kuzisambaza kwenye simu.

Safarini, isiachwe ndani ya gari hata kwa muda wa kunywa chai. Ikiibiwa au ikipotea, mwenyewe aripoti mara moja na kutaja namba yake. Taarifa iliyotolewa katika saa ya kwanza huwakuta wezi wakiwa bado njiani, na iliyochelewa siku tatu huwakuta wamekwisha kuvuka.

Mpakani, cheti cha nchi moja hukoma penye mstari wa mpaka. Anayekwenda mashindanoni nchi jirani aombe kibali cha kutoa silaha nchini mwake na kibali cha kuiingiza nchi anayokwenda, kabla ya siku ya safari, kisha aitangaze yeye mwenyewe kwa polisi na forodha katika kituo rasmi, iwe ni Busia, Malaba au Mutukula. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, silaha na risasi zimo miongoni mwa bidhaa zisizoingizwa ila kwa masharti. Mwaka huo huo wa 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, zikikubaliana kuzitia silaha alama, kuziweka katika kumbukumbu, kudhibiti umiliki wa raia, na kushirikiana kuzifuatilia. Kwa hiyo namba iliyochongwa kwenye bunduki yako ni lugha inayosomwa na polisi wa pande zote mbili.

Kwa ndugu zetu wa bodaboda na wachukuzi: usikubali kuvusha mzigo mrefu uliofungwa usioujua, hata ukiambiwa ni vifaa vya michezo. Mwanamichezo wa kweli huvusha bunduki yake mwenyewe, mchana, akiwa na karatasi zake mkononi. Na mzazi, mtoto akileta risasi au ganda aliloliokota, usimpige. Mpongeze kwa kukuonyesha, muulize alipoliokota, na uwaite polisi waje mahali hapo. Mtoto aliyepigwa hatarudi kukuonyesha cha pili.

Maswali ya kujipima

Wenye silaha wajibu maswali haya kwa ukweli, na majirani wayatumie katika mikutano ya kijiji.

1. Je, namba ya bunduki yangu mpya inafanana na cheti tarakimu kwa tarakimu?
2. Je, bunduki ya zamani iko wapi leo, na ni nani anayejua kisheria?
3. Je, risasi zote nilizo nazo ni za geji moja na zinalingana na urefu wa chemba?
4. Nikifumba macho na kunyanyua bunduki tupu, nikifumbua naona nini?
5. Je, karatasi imenionyesha marisau yanatua wapi, au ninakisia?
6. Je, majirani wanajua siku na saa za mazoezi?
7. Nikiitwa ghafla usiku huu, naweza kuonyesha ilipo bunduki, yalipo mafungu ya risasi na ulipo ufunguo, vyote mahali tofauti?

Anayejibu mojawapo kwa kusita asimamishe mazoezi hadi alirekebishe. Ofisa wa jamii katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe atakueleza taratibu za cheti na za kuvuka mpaka bila malipo, na jirani mwenye wasiwasi kuhusu silaha iliyo karibu naye atasikilizwa bila jina lake kutajwa. Tahadhari kabla ya hatari.